Kabla Hatujanunua Fulufremu: Somo la Kutathmini Kamera

Kwenye ajenda za mkutano ujao wa wanachama kuna mstari mmoja mfupi: kununua kamera ya fulufremu kwa ajili ya jarida na klabu ya picha. Mstari ni mfupi, ila pesa itakayotoka ni ya wote, pamoja na wale wanaokatwa mchango kutoka kwenye boom ambalo likishalipa chumba, chakula na vocha halibakizi kitu. Ndiyo maana nimeona tujadiliane mapema hapa kwenye karatasi kabla ya kupiga kura kwa kunyoosha mikono.

Mpaka sasa mabishano yamekuwa ya aina mbili. Upande mmoja unasema, "Tununue, wapiga picha wote wa maana wanatumia fulufremu." Upande wa pili unasema, "Ya nini? Hiyo tuliyonayo inapiga picha." Pande zote mbili zinatoa hukumu bila kipimo. Kamera inayopendekezwa ni Nikon D750 ya mtumba, na tuliyonayo ni Nikon D5300. Nitazitumia hizo mbili kama mfano wa darasani, lakini njia nitakayoeleza unaweza kuitumia kwa kamera yoyote, hata kama unajinunulia mwenyewe ili upate tenda za sendofu na kipaimara.

Kupima si kutathmini

Sisi tunaosomea ualimu tunafundishwa jambo moja mapema kwenye kozi ya upimaji na tathmini: kupima ni kupata namba, kutathmini ni kuitolea hukumu namba hiyo kwa kuangalia lengo. Mwanafunzi akipata 62, hicho ni kipimo. Kusema kwamba 62 inatosha au haitoshi kwa kile alichotakiwa kujua, hiyo sasa ni tathmini. Benjamin Bloom na wenzake walipotoa mpangilio wao wa ngazi za kufikiri mwaka 1956, tathmini waliiweka juu kabisa. Mwaka 2001 Lorin Anderson na David Krathwohl waliporekebisha mpangilio huo, tathmini ilishuka ngazi moja na kuunda kitu kipya kukapanda juu yake. Hata hivyo bado iko mbali sana na ngazi ya kukariri. Na kusoma namba zilizoandikwa kwenye boksi la kamera ni kukariri tu.

Kipimo kizuri kina sifa mbili. Ya kwanza ni uhalali: kinapima kile unachotaka kukijua? Ya pili ni uthabiti: ukirudia kesho katika mazingira yaleyale, utapata jibu lilelile?

Chukua megapikseli, namba ambayo kila mtu anaanza nayo. D750 ina megapikseli 24.3. D5300 ina 24.2. Sasa angalia kazi yetu. Ukurasa mzima wa A4 ukichapwa kwa nukta 300 kwa inchi unahitaji pikseli 2480 kwa 3508, yaani chini kidogo ya milioni 9. Kamera zote mbili zinapita kiwango hicho na chenji inabaki. Kwa hiyo kwa jarida letu megapikseli si kipimo halali. Ni sawa na kumpima mwalimu kwa urefu wake: namba utaipata, ila haikuambii kama anajua kufundisha.

Fulufremu ni nini hasa?

Kihisi ni kile kibamba kilicho ndani ya kamera kinachopokea mwanga, mahali pale ambapo zamani ulikaa mkanda wa filamu. Fulufremu maana yake ni kihisi chenye ukubwa wa fremu ya filamu ya mm 35, yaani mm 36 kwa mm 24. Ukubwa huo ulienea duniani kupitia kamera za Leica zilizoanza kuuzwa mwaka 1925. Zilipokuja kamera za dijitali, kutengeneza kihisi kikubwa hivyo ilikuwa ghali sana, kwa hiyo kampuni nyingi zikatumia vihisi vidogo zaidi. Kwa Nikon, kile kidogo ni takribani mm 23.5 kwa mm 15.6. Hicho ndicho kilichomo kwenye D5300.

Tupige hesabu. 36 mara 24 ni 864. 23.5 mara 15.6 ni karibu 367. Ukigawanya, fulufremu ina eneo kubwa mara 2.3 na ushee. Kwa mpangilio uleule wa kamera, inakusanya mwanga mwingi kwa kiasi hicho. Wapiga picha hupima mwanga kwa stopu, na stopu moja ni kuzidisha mwanga mara mbili. Faida ya kihisi kikubwa basi ni stopu moja na robo hivi.

Ikariri namba hiyo, stopu moja na robo, maana tutairudia.

Tofauti ya pili ni upana wa picha. Lenzi ya mm 50 kwenye fulufremu inaona kama mm 50. Ukiifunga kwenye kihisi kidogo inaona kwa wembamba wa mm 75, kwa sababu kingo za picha zimekatwa. Kwa anayepiga chumba kidogo cha bwenini, hiyo ni hasara. Kwa anayempiga mzungumzaji jukwaani akiwa safu ya tano, ni faida.

Jaribio la kwanza: ukumbini usiku

Kazi kubwa ya jarida letu iko ndani ya kumbi: midahalo, usiku wa utamaduni, mikutano ya kampeni. Taa ni hafifu na watu hawatulii. Jaribio halali basi ni hilo: simama safu ya tano, mpige anayezungumza, weka shata 1/125 ili mikono yake isitoke na ukungu, kisha angalia kamera inadai aiso ngapi. Rudia jioni mbili au tatu ili uone kama jibu ni lilelile.

Tuseme D5300 ina ile lenzi yake ya dukani, mm 18–55. Ukiivuta mpaka mwisho, tundu lake kubwa kabisa ni f/5.6. Katika ukumbi wa taa hafifu si ajabu kamera ikadai aiso 12800. Kwa kiwango hicho picha inajaa chengachenga kama televisheni ya zamani isiyo na antena, na rangi ya ngozi inageuka udongo.

Sasa toa lenzi hiyo, weka ya mm 50 yenye tundu la f/1.8. Kutoka f/5.6 hadi f/1.8 ni stopu tatu na theluthi hivi, sawa na mwanga mara kumi kasoro kidogo. Ukumbi uleule, shata ileile, aiso inashuka kutoka 12800 mpaka karibu 1250. Mwili wa kamera haujabadilika. Kilichobadilika ni lenzi.

Hapo ndo rudi kwenye ile namba. Kihisi kikubwa kinakupa stopu moja na robo. Lenzi yenye tundu kubwa inakupa stopu tatu na zaidi. Mtu akinunua D750 halafu akaifungia lenzi ya f/5.6, atakuwa nyuma ya mwenye D5300 na lenzi ya f/1.8, tena nyuma kwa stopu mbili nzima. Hili ndilo jambo ambalo ningependa kila mpiga kura aingie nalo mkutanoni.

Ila tusiidhulumu fulufremu. Ukiweka lenzi ileile ya f/1.8 kwenye D750, aiso 3200 inatoa chengachenga zinazokaribiana na aiso 1350 hivi ya kihisi kidogo. Maana yake unaweza kupandisha shata kutoka 1/125 mpaka 1/250 na bado ukapata picha safi. Kwa ngoma za usiku wa utamaduni, nafasi hiyo ndiyo inayotenganisha mguu unaoonekana na mguu ulioyeyuka.

Kuna mahali faida hiyo inapotea. Ukipiga kundi la watu kumi na watano waliopanga safu tatu, f/1.8 haifai, kwa sababu safu moja itakuwa kali na nyingine zitakuwa na ukungu. Itabidi uminye tundu mpaka f/5.6 au f/8. Na ili fulufremu ipate kina kilekile cha ukali ambacho kihisi kidogo kinapata, lazima uiminye zaidi kwa stopu moja na robo. Yaani ile faida yote inarudishwa. Dawa ya picha ya kundi ukumbini ni flashi iliyoelekezwa darini ili mwanga ushuke kwa upole. Hapo ukubwa wa kihisi hauna msaada mkubwa.

Jaribio la pili: uso mweusi chini ya joho

Kipimo hiki hakimo kwenye mapitio mengi ya kamera, wakati kwetu ndicho cha kwanza. Wengi wetu tuna ngozi nyeusi au ya maji ya kunde, na picha inayotafutwa kuliko zote chuoni ni ile ya mahafali: joho jeusi, shati jeupe, nyuma anga linalong'aa.

Historia yake inafaa kujulikana. Kwa miaka mingi maabara za kusafisha filamu za rangi zilipanga mashine zao kwa kutumia kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke Mzungu. Kadi hizo ziliitwa Shirley, jina la mfanyakazi wa Kodak aliyepigwa picha za mwanzo. Ngozi yake ndiyo iliyohesabika kuwa sahihi. Ngozi nyeusi zilitoka bila umbo, macho na meno tu ndiyo yakionekana. Malalamiko yaliyosaidia kuisukuma Kodak kuboresha rangi za kahawia yalitoka pia kwa wateja wa biashara, waliotaka matangazo ya samani za mbao na chokoleti yaonekane vizuri. Kwa maneno mengine, meza na pipi zilisikilizwa kabla ya watu.

Kamera ya dijitali haina kadi ya Shirley ndani yake, lakini ina kipimamwanga chenye tabia ya kutaka kila kitu kiwe kijivu cha wastani. Ukimsimamisha mhitimu mbele ya anga jeupe, kipimamwanga kinaliona anga, kinapunguza mwanga, na uso unazama gizani. Ukikiambia kipime uso tu, kinafanya kinyume: kinaung'arisha uso mweusi mpaka uwe wa kijivu, na mtu anatoka si yeye. Kwa hiyo ukipima picha nzima mbele ya anga, ongeza stopu moja hivi. Ukipima uso peke yake kwa ngozi nyeusi sana, punguza stopu moja hivi. Kisha angalia histogramu, usiamini mwanga wa skrini.

Hapa D750 inang'ara kweli. Kwanza, ina aina ya upimaji inayolinda sehemu zenye mwanga mkali, kitu ambacho D5300 haina. Shati jeupe na anga havichomeki. Pili, na hili ni kubwa zaidi, ukipiga kwa faili za RAW unaweza kuinua kivuli kwa stopu tatu kwenye kompyuta, na uso ukatoka na maelezo yake yote bila kujaa chengachenga wala mistari. Kwenye aiso 100 kihisi hiki kinashika zaidi ya stopu 14 kati ya giza na mwanga. D5300 si mbaya kwenye eneo hili, lakini ukiinua kiasi hichohicho, vivuli vya joho vinaanza kuonyesha chengachenga mapema.

Namna ya kujaribu: mwombe mwenzako mwenye ngozi nyeusi na mwingine mwenye ngozi nyeupe zaidi wasimame pamoja saa sita mchana, mmoja avae shati jeupe. Piga RAW. Fungua kwenye kompyuta, inua vivuli, kisha tazama paji la uso, chini ya macho na nywele. Nywele nyeusi zikitoka kama doa moja la wino, kihisi kimeshindwa mtihani.

Jaribio la tatu: fokasi

D750 ina vituo 51 vya fokasi, D5300 ina 39. Tena, usiishie kwenye namba. Cha muhimu ni kwamba D750 inaweza kukamata fokasi gizani mpaka kiwango ambacho D5300 inaanza kuwinda mbele na nyuma bila kutulia. Nikon yenyewe inaitaja D750 kufanya kazi mpaka EV −3 na D5300 mpaka EV −1, tofauti ya stopu mbili. Ukumbini tofauti hiyo utaiona.

Udhaifu wake ni huu: vituo vyote 51 vimejazana katikati ya fremu. Ukitaka jicho la mtu aliye pembeni, itabidi ukamate fokasi katikati kisha usogeze kamera. Kwenye f/1.8 mwendo huo mdogo tu unatosha kuhamisha ukali kutoka jichoni kwenda sikioni. Kwenye D5300 vituo vimeenea zaidi kuelekea pembeni, kwa hiyo wanaosema kubwa daima ni bora waangalie hapo.

Jaribio lake ni rahisi. Laza gazeti mezani, piga kwa mshazari ukiwa f/1.8, fokasi kwenye mstari mmoja uliouchagua. Kama mstari mkali ni wa mbele au wa nyuma yake, lenzi na mwili havijaelewana. Rudia mara tano, maana mara moja si uthabiti. D750 ina sehemu ya kurekebisha kosa hilo kwenye menyu. D5300 haina.

Wanaotaka kamera hiyo kwa video pia wasikie: D750 inarekodi ya HD kamili, haina 4K, na fokasi yake ikiwa kwenye skrini ni ya polepole. Kama shabaha ya klabu ni filamu fupi, hii siyo kamera yake.

Jaribio la nne: siku nzima

Mahafali huanza asubuhi na kuisha jioni. D750 ina gramu 840 ikiwa na betri na kadi, bila lenzi. D5300 ina gramu 530. Shingo italijua hilo saa nane mchana. Kwa upande mwingine, betri ya D750 imekadiriwa picha 1230 kwa chaji moja, ya D5300 picha 600. Umeme ukikatika asubuhi ya tukio, namba hiyo si ya mapambo.

D750 ina nafasi mbili za kadi. Unaweza kuiamuru iandike kila picha kwenye kadi zote mbili, moja ikifa nyingine ipo. Kwa picha za matembezi si lazima. Kwa picha ya mzazi aliyesafiri kutoka kijijini kumwona binti yake akivaa kofia ya mahafali, tukio ambalo halirudiwi, mimi naona ni jambo la msingi.

Kikomo kimoja cha mchana: shata ya D750 inaishia 1/4000. Kanuni ya wazee wa filamu inasema kwenye jua kali weka f/16 na shata inayolingana na aiso, yaani 1/100 kwa aiso 100. Ukifungua mpaka f/2.8 unahitaji 1/3200, bado uko salama. Ukifungua mpaka f/1.8 unahitaji karibu 1/8000, umepita kikomo. Kwa hiyo wanaoota mandhari ya ukungu laini saa saba mchana watafute kivuli cha mti.

Ukaguzi wa mtumba

D750 ilitoka Septemba 2014, kwa hiyo tutakayoipata imeshatumika. Iwe ni Kariakoo au kwa mtu binafsi, usitoe pesa kabla ya haya:

1. Hesabu ya mibofyo. Kila picha ya Nikon hubeba ndani yake idadi ya mara shata ilizofunguka, na zipo programu za bure za kuisoma. Shata ya D750 ilijaribiwa kwa mibofyo 150,000. Si kwamba inakufa ikifika hapo, ila aliyepita hapo hana haki ya kudai bei ya kamera changa.

2. Namba ya mashine. Mwaka 2015 Nikon ilitangaza kwamba baadhi ya D750 zinaweza kupata hitilafu ya shata inayoacha kivuli kwenye sehemu ya picha, na miaka iliyofuata orodha ikapanuliwa. Kabla ya hapo lilitangazwa tatizo la mng'ao usio wa kawaida juu ya picha ukielekea mwanga mkali, na zilizorekebishwa zina alama nyeusi ndani ya tundu la tripodi. Kampuni ilizihudumia bila malipo. Hakikisha namba ya unayopewa, na uliza kama ilipelekwa.

3. Kihisi. Weka f/16, piga anga tupu, kuza picha. Madoa madogo ya vumbi yanasafishika. Mikwaruzo haisafishiki.

4. Fangasi. Joto na unyevu wa pwani huotesha utando ndani ya lenzi. Mulika tochi ya simu kutoka upande mmoja, chungulia kutoka upande wa pili. Ukiona nyuzi kama za buibui, rudisha.

5. Kila kitu kinachofunguka. Jaribu kadi zote mbili, skrini inayoinuka, mahali pa kuchomeka flashi, na kila kitufe. Fanya hivyo ukiwa na betri na kadi zako mwenyewe.

Gharama isiyoandikwa kwenye bei

Lenzi zetu za sasa ni za kihisi kidogo. Zitaingia kwenye D750, ila kamera itakata picha na kubaki na megapikseli 10 hivi. Yaani tutakuwa tumenunua fulufremu na kuitumia nusu. Faili moja la RAW ni takribani MB 28, hivyo picha elfu moja za siku ya mahafali zinajaza karibu GB 30. Kompyuta ya ofisi yetu inayogoma kufungua hata jarida lenyewe itazifungua hizo? Kadi mbili, betri ya akiba, diski ya kuhifadhia: vyote vinasubiri nyuma ya bei ya mwili.

Tujue pia zama zinabadilika. Nikon ilianza kutoa fulufremu zisizo na kioo mwaka 2018, na nguvu ya kiwanda sasa iko huko. Hilo linashusha bei ya D750, ambayo ni habari njema kwetu, lakini vipuri havitaongezeka. Faraja ni kwamba mdomo wa lenzi za Nikon wa aina ya F upo tangu 1959, kwa hiyo lenzi za mtumba bado ni nyingi mno.

Alama

Nimegawa alama mia kwa kufuata kazi za jarida na klabu: mwanga hafifu 30, uso na vivuli 20, fokasi 20, kuhimili siku 15, unafuu wa gharama 15. Anayeona mgawanyo haufai aulete wake, ila aulete kabla ya kusahihisha, asiutengeneze ili kamera anayoipenda ishinde.

D5300 na lenzi yake ya dukani: 12, 13, 11, 8, 15. Jumla 59.

D5300 na lenzi ya mm 50 f/1.8: 22, 14, 12, 8, 13. Jumla 69.

D750 na lenzi hiyohiyo: 27, 18, 16, 13, 6. Jumla 80.

Soma ngazi hizo mbili. Alama kumi za kwanza zinaletwa na lenzi moja. Alama kumi na moja zinazofuata zinaletwa na mwili wa kamera wenye bei kubwa mara nyingi zaidi ya lenzi hiyo. Hizo alama kumi na moja ni za kweli, ziko kwenye nyuso za wahitimu na kwenye kadi ya pili. Lakini zinakuja baada ya zile kumi.

Kwa hiyo pendekezo langu mkutanoni litakuwa hili. Semesta hii tununue lenzi ya mm 50 f/1.8G na flashi moja. Iwe G siyo D, kwa sababu D5300 haina mota ndani ya mwili na lenzi ya D haitajifokasi yenyewe. Lenzi ya G itafanya kazi leo kwenye D5300 na kesho kwenye D750 bila kukatwa. Semesta ijayo, kama kamati itaonyesha picha zilizopigwa na lenzi hiyo na watu wasiopungua sita wanaojua kupiga kwa mpangilio wa mkono, tununue D750 iliyopita ukaguzi wa hapo juu. Tusiwe na kamera ya pesa nyingi ambayo mtu mmoja tu anaijua, akimaliza mwaka wa tatu anaondoka na ujuzi wake na sisi tunabaki na boksi kabatini.

Wanaotaka kuhakikisha hesabu zangu, D5300 ipo ofisini na kitabu cha kuazimia kiko kwa katibu. Lenzi ya f/1.8 inaweza kuazimwa kwa mwenzetu yeyote aliye nayo. Mdahalo wa Ijumaa utafanyika ukumbi mdogo kuanzia saa kumi na mbili jioni, taa zake mnazijua. Njooni mjaribu safu ya tano, kisha ndo tupige kura.